Birika la Nyuma ya Jiko

Asubuhi ile kamati ya tafsiri ilikuwa imefika kwenye habari ya mgonjwa aliyelala kando ya maji, na ubishi wa kwanza ulikuwa juu ya neno birika. Mama Lugha, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba Maandiko mapya yanasomeka kwa Kiswahili cha watu walio hai, alisema neno hilo limeshakufa kwa maana ile.

"Vijana wa leo ukiwaambia birika wanafikiria chai," alisema. "Watasoma kwamba wagonjwa wamelala kulizunguka birika, watajiuliza hiyo chai ni ya nani."

"Na tangi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Tangi ni la mafuta."

"Bwawa?"

"Bwawa lina vyura," alisema Mama Lugha, na hapo hakuna aliyembishia.

Mwishowe wakaliacha birika kama lilivyokuwa. Hata lile la nyuma ya jiko la ofisi yao, lililojengwa kwa saruji ili kukinga maji ya mvua kutoka paani, watu wote waliliita birika, na hajatokea mtu akalidhania kuwa la chai.

"Haya, sasa tumefika kwenye mfupa," alisema Mwenyekiti. Alikuwa mchungaji mstaafu, mpole, mwenye sauti nzito iliyozoea kanisa lisilo na kipaza sauti. Akamgeukia mtu aliyekaa karibu na dirisha.

Mtu huyo walimwita Mgiriki. Ugiriki kwenyewe hajawahi kukanyaga, wala ndege hajawahi kupanda, lakini alikuwa amefundisha Kigiriki cha kale katika chuo cha wachungaji kwa nusu ya umri wake, na picha zote za nakala za kale za Maandiko zilikuwa mezani kwake. Kila ubishi juu ya nini hasa kiliandikwa ulikomea kwake.

Mfupa wenyewe ulikuwa aya moja. Inasema kwamba malaika alikuwa akishuka na kuyatibua maji ya birika, na mtu wa kwanza kuingia baada ya hapo alipona ugonjwa wowote aliokuwa nao. Nakala nyingi zilizoandikwa kwa mkono zinayo aya hiyo. Zile kongwe kabisa, chache, za karatasi ya mafunjo na za ngozi, hazina.

"Mashahidi wengi kiasi hicho wanasema ipo," alisema Mwenyekiti. "Wachache wanasema hawakuiona. Wewe ungekuwa hakimu ungewafuata wachache?"

"Kama hao wengi wote walihadithiwa na mtu mmoja, ndiyo, Mchungaji. Hao wachache walikuwa karibu zaidi na tukio." Mgiriki akaeleza, kama alivyoeleza mara nyingi, kwamba wanakili wa zamani walikuwa watu kama watu. Mmoja aliona msomaji hataelewa kwa nini wagonjwa wanayangoja maji, akaandika maelezo mafupi pembeni. Aliyekuja kunakili baada yake akadhani mwenzake aliruka mstari, akauingiza ndani. "Wengine waliendelea kuiandika, lakini waliitia alama ya shaka. Hata wao roho zilikuwa zinawasuta."

Alisema haya akiwa ameiinamia picha, kidole kikitembea taratibu juu ya herufi. Hakuwa anaziona. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, na kilichobaki kwenye ile picha kwake kilikuwa weusi mwepesi juu ya weupe mchafu, kama ukuta wa jiko. Maneno aliyajua kwa moyo. Kamati haikujua, na yeye aliomba isijue, kwa sababu msomaji wa nakala za kale asiyeona hana tofauti na kinyozi asiye na mikono, na nje ya kazi ile hakuwa na kitu kingine cha kumfanya mtu amwite bwana.

Mpishi wa ofisi akaingia na sinia.

"Samahanini, chai imechelewa," alisema. "Maji ya birikani yametibuka."

"Yametibuka vipi?"

"Kama mtu anayakoroga na mwiko kutoka chini. Nikadhani sufuria yangu imetumbukia, nikaingia kuitafuta. Sasa hiki kidonda kimefunga." Akainua gauni kidogo. Kidonda cha muundini mwake walikijua wote, kilikuwa kinanuka tangu walipomwajiri. Mahali pake palikuwa na ngozi mpya, laini kama ya kitoto.

"Na chai umepikia maji hayo hayo?" aliuliza Mama Lugha.

"Hapana, hii ni ya bomba."

Wakanywa.

Maji yakatibuka tena siku chache baadaye, kisha tena, bila saa maalumu. Kanuni yake ilijulikana haraka. Wa kwanza kuingia alipona, wa pili alitoka amelowa tu. Karani wa ofisi alitokea wa pili nyuma ya mlinzi, akabaki na kikohozi chake na juu yake akapata mafua.

"Sasa unasemaje, Mgiriki?" aliuliza Mwenyekiti kwa furaha ya mtu aliyeletewa shahidi mlangoni.

"Nasema jambo linaweza kuwa kweli na bado lisiwe limeandikwa na mwandishi wa kwanza. Kutibuka kwa maji nyuma ya jiko letu hakubadilishi kilichomo kwenye ngozi."

Mwenyekiti akafikiri, akakiri kwamba hoja hiyo ina uzito. Kura ikaahirishwa.

Watu wa mtaani wakaanza kuja. Mlinzi aliwafungulia geti, nao wakakaa uani kwa utulivu, wengine na kazi zao mkononi. Walikuja wenye mafua, wenye chunjua, wenye shingo zilizokakamaa kwa kulala vibaya. Walikuja pia wagonjwa hasa, wamebebwa kwenye viti na magodoro, na hao waliwekwa kivulini. Maji yalipotibuka, wenye mafua waliruka. Mzee mmoja aliyepooza upande aliburutwa na wanawe mpaka akagusa ukingo, akapitwa na msichana mwenye kwikwi. Msichana akamwomba radhi, kwa kweli alikuwa na adabu, na kwikwi yake ilikuwa imekwisha.

Mgiriki aliishi na mdogo wake wa kike, wa mwisho kwa mama yao. Homa ya utotoni ilikuwa imemwachia miguu isiyomsikia. Alikuwa mshonaji, na majirani walimwita Fundi tu. Alishona kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono, sebuleni, wateja wakiingia na kutoka na umbea wao. Yeye peke yake ndiye aliyejua habari ya macho ya kaka yake, na ndiye aliyekuwa akimficha. Kila jioni Mgiriki alirudi na picha za nakala ndani ya mkoba. Fundi alizikodolea macho chini ya taa, kisha akaziandika zile herufi upya kwa chaki ya kushonea, kubwa kama sahani, juu ya kitambaa cheusi. Kigiriki hakukijua. Herufi alizipa majina yake mwenyewe.

"Uma," alikuwa akisema. "Yai. Kiti kimepinduka. Tena yai, ila hili limepasuka katikati."

Mgiriki aliinama mpaka pua ikagusa kitambaa, akasoma, akakariri. Fundi akafuta, akaanza mstari mwingine. Wakati mwingine walicheka, kwa sababu malaika kwa herufi za Fundi alianza na hema na kumalizikia na nyoka.

Habari ya maji Mgiriki hakumwambia. Fundi aliipata kwa mteja.

"Kaka, kumbe kazini kwenu maji yanatibuka na watu wanapona," alisema jioni moja, sindano zikiwa mdomoni.

"Ile aya haimo kwenye nakala bora."

"Mimi sijauliza nakala. Nimeuliza maji."

Mgiriki akavua viatu vyake polepole. "Yanatibuka," alisema.

"Na hukuniambia."

"Nilitaka kwanza nihakikishe."

Fundi akatoa sindano mdomoni, moja moja, akazitia kwenye kijaluba. Hakugomba. "Mimi nataka mtu wa kuniingiza tu," alisema. "Kuruka siwezi, lakini nikikaa pale ukingoni kabisa, na wewe ukanishika kwapani, ni kunisukuma tu. Hata kichwa kikitangulia, sawa."

Walikubaliana kwenda. Mpishi aliahidi kumtengea nafasi juu ya ukingo wenyewe, kwa kuwa jiko lilikuwa lake na uani alikuwa na sauti. Fundi akajishonea gauni. Gauni zake zote alikuwa akizikata kwa urefu wa mtu aliyekaa, zisije zikanasa kwenye magurudumu ya baiskeli yake ya miguu mitatu. Hili alilikata kwa urefu wa mtu aliyesimama. Vipimo alivikisia kutoka kwa mteja mmoja wa kimo alichodhani kingekuwa chake, na lilipokamilika alilitundika mlangoni, likafika karibu na sakafu.

Siku moja kabla ya kwenda, Mwenyekiti alimvuta Mgiriki pembeni kwenye korido. Wageni kutoka makao makuu walikuwa wanakuja kuamua habari ya aya ile. Wangekuja na picha ya nakala iliyopatikana juzijuzi, ambayo hakuna mtu hapa aliyewahi kuiona.

"Tutaisoma hapohapo mezani," alisema Mwenyekiti. "Yaani wewe utaisoma. Nimewaambia tunaye mtu ambaye macho yake ni ya tai."

Mgiriki akacheka kidogo, kwa adabu. Usiku ule hakula vizuri. Mdogo wake alidhani ni kwa ajili yake, akamwambia asiwe na wasiwasi, miguu ikikataa watarudi nyumbani kama walivyokwenda.

Asubuhi walifika mapema. Mpishi alikuwa ameweka gunia lililokunjwa juu ya ukingo ili saruji isimchome. Mgiriki akamkalisha Fundi pale, miguu upande wa ndani, gauni jipya limefunika miguu yote na pindo lake linaelea juu ya maji. Yeye akasimama nyuma yake, mikono kwapani. Uani watu walikuwa wameshajaa, lakini walikuwa mbali, na wengi walimjua Fundi kwa nguo zao. Hakuna aliyesogea kumsumbua. Jua likapanda. Mpishi alikuwa akichambua mchele mlangoni.

"Kaka, mikono yako inatetemeka," alisema Fundi.

"Nimesimama muda mrefu."

"Pumzisha mmoja, basi."

Hapo maji yakatibuka. Yalianza katikati, bila kelele, yakapanda mpaka kwenye pindo la gauni. Kilichotakiwa ni kusukuma. Mgiriki akaondoa mikono kwapani mwa mdogo wake, akaushika ukingo kando yake, akainua mguu mmoja kisha wa pili, kwa uangalifu, kama mtu anayepanda kitanda ambacho mwenzake amelala, akaingia na viatu.

Alizama mpaka kifuani. Alipofungua macho, kitu cha kwanza alichoona kilikuwa uso wa mdogo wake. Hakuwa ameuona kwa miaka. Aliona vinyweleo, aliona mikunjo miwili kando ya mdomo iliyotokana na kubana sindano, akaona mvi kwenye nyusi. Fundi alikuwa bado amekaa mahali pale pale, amejishikilia kwa mikono yote miwili kwa sababu hapakuwa na mtu nyuma yake.

"Unaniona?" aliuliza.

"Nakuona."

"Nimezeeka?"

"Kidogo."

Fundi akajitazama kifuani, akalinyoosha gauni begani. "Na nguo imekaaje?"

"Imekaa vizuri," alisema Mgiriki. Na kweli ilikuwa imekaa vizuri.

Mpishi akaja na taulo, akampa, akamwambia hongera. Watu wa uani nao wakasema hongera, wakarudi kukaa. Mlinzi akamsaidia Fundi kurudi kwenye baiskeli yake, akamkamulia pindo. Mwenyekiti aliposikia, alitoka nje mwenyewe, akamshika Mgiriki mkono uliolowa kwa mikono yake yote miwili. Habari ya mtoto wa jicho ilimshangaza kuliko habari ya kupona. "Kumbe ulikuwa unasumbuka na hukusema! Lakini Mungu ameona kazi iliyo mbele yetu," alisema. Kisha akamgeukia Fundi. "Na wewe binti yangu usijali. Zamu yako ipo."

Mgiriki alingoja mtu amseme. Angalau Mama Lugha, ambaye hakuwa mtu wa kumeza neno. Mama Lugha alimtazama tu, akauliza kama ana nguo za kubadilisha.

Walirudi nyumbani wakipita njia ileile. Alisoma kila kitu kilichoandikwa njiani, mabango, vibao vya maduka, maandishi madogo kwenye magunia ya saruji. Hakutaka kusoma, ila macho yalikuwa yanasoma yenyewe. Aibu ilimpanda kuanzia shingoni, ikamkaa masikioni, na ilikuwa ya moto hivi kwamba alijua watu wote wanaiona, lakini watu walikuwa wanaendelea na mambo yao.

Siku zilizofuata alimpeleka tena. Sasa hakuwa na sababu ya kumtangulia mtu, na mikono yake ilikuwa imara, lakini watu wa uani nao walikuwa wameona kwamba ukingoni kumbe hakuna heshima. Walisogea. Fundi alipitwa na mwenye jino linalouma, akapitwa na mwenye chunusi. Safari ya mwisho alisukumwa, akaanguka chali ndani ya maji baada ya mtu mwingine, akatolewa amelowa. Nyumbani alijikausha nywele.

"Basi, Kaka," alisema. "Nina nguo za watu hapa."

Gauni alilikata likafika alipotaka, akalivaa hivyohivyo siku za kawaida.

Jioni Mgiriki alirudi na mkoba wake na kusoma peke yake, mezani, mbali kidogo na taa. Mara moja alimpelekea picha moja, akasema kuna mstari umefifia, hauelewi. Fundi aliichukua, akaitazama. Maandishi yalikuwa meusi tii.

"Kaka," alisema, akairudisha, "usinifanyie hivyo."

Katika siku zile ndipo Mgiriki alipoanza kumfikiria yule mnakili wa kwanza, aliyeandika maelezo pembeni. Miaka yote alikuwa amemwaza kama mtu mwenye kiherehere, mpenda kufafanua. Sasa alimwona ameketi na nguo zinazochuruzika, anaandika haraka. Mtu yule alihitaji iwe ni kanuni. Alihitaji malaika aiweke, na iandikwe mahali, kwamba anayeanza ndiye anayepona, ili mtu aliyeanza asionekane amefanya jambo lolote zaidi ya kufuata utaratibu. Mgiriki akaona angefurahi sana aya ile ikibaki. Ingebaki na kusomwa makanisani, na watu wangeitikia amina.

Wageni walikuja wamevaa suti. Picha yao ilikuwa ya ngozi kuukuu iliyoliwa pembeni, na herufi zake zilikuwa ndogo kama chembe za mtama. Mgiriki aliinama akasoma bila kusita, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Alionyesha mahali ambapo aya ingekuwa. Haikuwepo. Alieleza maneno yake mageni, yasiyotumiwa na mwandishi huyo mahali pengine popote. Alieleza alama za shaka. Mtu anayetaka aya ibaki angeweza kuupunguza ushahidi kidogo hapa, kidogo pale, na hakuna mezani ambaye angegundua. Hakupunguza. Kwenye herufi alikuwa mtu mwaminifu, na hilo lilimwuma kuliko kama angekuwa mwongo kote.

"Nimeshindwa," alisema Mwenyekiti, bila kinyongo. "Iende chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo."

Wageni wakatikisa vichwa kukubali. Kupitia dirishani walimwona mwanamume mnene akitoka birikani, akijipapasa mahali palipokuwa na jipu. Mgeni mmoja akauliza kama maji yale hutibuka kila siku. Akajibiwa si kila siku. Akarudi kwenye karatasi zake.

"Tumalizie habari hii," alisema Mama Lugha. "Lile jibu la mgonjwa. Anapoulizwa kama anataka kupona, analalamika kwamba hana mtu wa kumtia ndani, na kila akijikokota, mwingine anamtangulia. Hapo nako kuna ubishi? Aya ya malaika ikitoka, lalamiko nalo linatoka?"

Watu wote wakamtazama Mgiriki. Alikuwa na picha zote mbele yake, kongwe na za baadaye, chache na nyingi, na aliziona zote kwa usafi ambao hajawahi kuwa nao hata ujanani. Alizipitia moja moja, ingawa hapakuwa na haja.

"Hapana," alisema. "Halitoki. Hapo zote zinalo."

"Zote?"

"Kongwe zinalo, za baadaye zinalo. Hata iliyokuja leo inalo. Hakuna mnakili aliyelitilia shaka." Akazikusanya picha. "Hapo hakuna aliyewahi kubishana."

"Afadhali," alisema Mwenyekiti. "Tuandike, tuendelee."

Jioni alimkuta Fundi anafunika cherehani yake kwa shuka. Alikuwa amechoka, mabega yamemshuka. Aliuliza, kama alivyokuwa akiuliza tangu alipoanza kazi ile, "Leo mmefika wapi?"

"Tumemmaliza yule mgonjwa wa birikani."

"Mmekubaliana?"

"Tumekubaliana."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza wamekubaliana nini. Akanyoosha mikono ili abebwe kwenda kitandani, na Mgiriki akainama. Alitaka kusema neno, na alikuwa nalo, lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ile, lakini alijua likitoka Fundi atalazimika kulijibu, na jibu hilo nalo litakuwa kazi nyingine ambayo Fundi anamfanyia. Fundi akaizungushia mikono shingo ya kaka yake, akaishika kwa nguvu kama siku zote, maana ndani ya nyumba ile hapakuwa na shingo nyingine.